Mishipa Inapokwisha Mikononi: Njia Zilizobaki kwa Anayesafishwa Damu kwa Mashine

[Muziki wa kipindi, kisha unashushwa chini ya sauti]

 Leo hatuzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumzia watu ambao si wengi kambini, lakini kila mmoja wao anajulikana na mtaa mzima: wale ambao figo zimeshindwa kazi na wanaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Wengine mliotoka Kongo na Burundi mnaiita dializi.

Tumepokea swali kutoka kwa msikilizaji mmoja. Tunalisoma kama alivyoliandika.

SAUTI YA PILI: "Kaka mtangazaji, salamu. Dada yangu mkubwa anasafishwa damu, huu ni mwaka wa tatu. Amewekewa mipira shingoni mara nne, kulia na kushoto, na mwingine chini ya mfupa wa bega. Sasa mkono wake wa kushoto umevimba. Safari ya mwisho tuliambiwa kwamba mishipa yake imekwisha. Je, maana yake hakuna kitu kingine cha kufanya? Tumrudishe nyumbani akae?"

MTANGAZAJI: Ndugu yetu, pole, na umpe dada pole zetu. Tutakujibu wewe kwanza, kisha tutaeleza kwa wote.

Mtu akiambiwa "mishipa imekwisha", mara nyingi maana yake ni kwamba mishipa iliyo rahisi kuonekana na kufikiwa na sindano imekwisha. Mara nyingine ni kwamba pale hospitalini hakuna mtaalamu wa upasuaji wa mishipa, na aliyesema hivyo amesema kweli kwa kadiri ya uwezo wa pale. Hayo mawili si sawa na kusema kwamba mwili wote hauna njia. Kabla hamjamrudisha dada nyumbani, yapo maswali ya kuuliza, na zipo njia ambazo pengine hazijaangaliwa. Tutazipitia moja moja, pamoja na ubaya wake.

Kwanza tuelewe kwa nini mashine inasumbua mishipa kiasi hiki.

Mashine huvuta damu kama mililita 300 kila dakika, yaani karibu chupa moja ya soda. Kwa saa nne hizo ni lita 72, zaidi ya madumu matatu na nusu ya lita ishirini. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano tu au hivi, kwa hiyo damu ileile inazunguka tena na tena, inatoka chafu na kurudi safi. Sasa angalia mishipa ya mkono wako. Ile ya kijani unayoiona juu ya ngozi ni vena, inayorudisha damu moyoni taratibu. Haiwezi kutoa chupa ya soda kila dakika. Itajikunja na kuziba. Iko mingine inayoweza, ateri, ile inayodunda unapoishika kwenye kifundo cha mkono. Lakini ateri iko ndani, na ukiichoma sindano kubwa kila wiki itaharibika, na mkono uko hatarini.

Tatizo hili ni la zamani kama mashine yenyewe. Mwaka 1943, wakati wa vita, daktari Willem Kolff wa mji wa Kampen nchini Uholanzi alitengeneza mashine ya kwanza iliyofaa kutumika kwa watu. Mgonjwa wake wa kwanza ambaye figo zilikuwa zimekufa kabisa alikuwa mwanamke wa miaka 29. Alimsafisha damu mara 12. Kila mara ilibidi kutafuta mshipa mpya, na mwishowe mishipa ikakosekana, naye akafariki. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Kilichokwisha ni njia ya kuingilia.

Mwaka 1960, daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliacha mpira mdogo mkononi kwa kudumu, ukiunganisha ateri na vena nje ya ngozi, ili mtu huyohuyo asafishwe tena na tena. Kisha mwaka 1966 madaktari wa New York, wakiwemo Brescia na Cimino, walitangaza njia rahisi kuliko zote: kushona vena na ateri pamoja ndani ya mkono, bila mpira wowote. Damu ya ateri, yenye nguvu, inaingia kwenye vena. Vena inapanuka, ukuta wake unakuwa mnene, na baada ya wiki kadhaa inaweza kuchomwa sindano mbili kila mara bila kuchoka. Hiyo inaitwa fistula, na mpaka leo ndiyo njia inayotafutwa kwanza.

Hapa tusimame kidogo. Akina mama wengi mkisikia "fistula" mnashtuka, kwa sababu mnaijua kama jeraha la uzazi linalosababisha mkojo kuvuja. Hii ni nyingine kabisa. Neno ni moja kwa sababu kitabibu lina maana ya njia iliyounganisha sehemu mbili za mwili. Ile ya uzazi ni jeraha linalotibiwa. Hii ya mkono inatengenezwa kwa makusudi, na mwenye nayo hana aibu yoyote ya kuficha.

Fistula haitumiki siku inaposhonwa. Huachwa ikomae wiki sita mpaka miezi mitatu, na nyingine hazikomai kabisa. Ndiyo sababu mtu ambaye figo zake zinaelekea kushindwa anapaswa kushonwa mapema, kabla ya kuihitaji mashine. Kwa wakimbizi mara nyingi inakuwa kinyume. Mtu anafika hospitalini amevimba, hapumui vizuri, na mashine inahitajika siku hiyohiyo. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri wiki sita. Anawekewa katheta, ambayo sisi tunaiita mpira, shingoni au kwenye kinena. Inaokoa maisha, na hatusemi ni kosa. Ubaya ni pale mpira wa muda unapogeuka kuwa njia ya miezi na miaka.

Mpira unaokaa ndani ya mshipa mkubwa unasugua ukuta wake. Ukuta unaota kovu, kovu linabana njia. Mpira unaopita chini ya mfupa wa bega ndio unaobana zaidi, na kwa sababu hiyo wataalamu wanashauri uepukwe kwa mtu anayetarajia kuishi kwa mashine. Njia kuu ikishabanwa kifuani, damu ya mkono inashindwa kurudi moyoni, na mkono unavimba. Huenda hilo ndilo lililompata dada yako, na linahitaji kupimwa. Pia lina maana kubwa kwa hatua inayofuata: wasimshonee fistula kwenye mkono huo uliovimba kabla ya kuangalia njia ya kifuani. Fistula inaongeza damu, na kama haina pa kutokea, mkono utavimba zaidi.

[Muziki mfupi]

Sasa njia zenyewe.

Jambo la kwanza la kuomba ni kupimwa mishipa yote ya mikono miwili kwa ultrasaundi, ile ambayo wengine mnaiita ekografi, mashine ileile wanayopimia wajawazito. Mpimaji anafunga mpira juu ya mkono kama wakati wa kutoa damu, anapitisha kifaa juu ya ngozi, na anaandika upana wa kila mshipa kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwapani. Haiumi. Macho na vidole havitoshi, hasa kwa mtu mnene au aliyevimba. Wapo watu walioambiwa hawana mshipa, na kipimo kikaonyesha mshipa mzuri uliojificha.

Na mshipa unaojificha zaidi ni mmoja: vena ya upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na mbavu. Iko chini sana. Nesi wa zahanati haufikii kwa sindano ya dripu, na kwa sababu hiyohiyo mara nyingi umebaki mzima wakati mingine yote imeharibika. Ubaya ni kwamba hata mashine haiwezi kuufikia hapo ulipo. Kwa hiyo daktari wa upasuaji anaushona na ateri, kisha anauinua na kuulaza karibu na ngozi, upande wa mbele wa mkono, mahali sindano inapofika. Wengine hufanya yote siku moja. Wengine hushona kwanza, husubiri wiki kadhaa mshipa unenepe, ndipo huuinua. Kovu lake ni refu, karibu mkono wote wa juu, na mkono huuma kwa siku nyingi. Lakini ni mshipa wako mwenyewe, na mshipa wako mwenyewe unapigana na vijidudu kuliko kitu chochote cha kiwandani. Kama kuna swali moja tu utakalouliza hospitalini, uliza hili: "Je, vena ya ndani ya mkono wa juu, kulia na kushoto, imepimwa?"

Kama hakuna vena inayofaa, upo mrija wa bandia. Umetengenezwa kwa plastiki ya jamii moja na ile inayopakwa ndani ya vikaango visivyogandisha chakula. Unapitishwa chini ya ngozi, upande mmoja umeshonwa kwenye ateri na upande mwingine kwenye vena kubwa ya ndani. Uzuri wake ni kwamba kwa kawaida unatumika baada ya wiki mbili au tatu, na ipo aina inayoweza kuchomwa ndani ya siku chache. Lakini unaziba mara nyingi zaidi kuliko fistula, na ukiingiwa na vijidudu dawa peke yake mara nyingi haitoshi; inabidi utolewe. Usafi wa ngozi kabla ya kila sindano hauna mzaha hapa.

Kwa mtu ambaye njia ya kifuani imebanwa, kama tunavyodhani kwa dada, kuna kazi ya kufanywa kabla au badala ya kushona mkono mpya. Katika hospitali kubwa zenye chumba cha picha za mishipa, daktari anapitisha waya mwembamba mpaka mahali palipobanwa, kisha puto dogo linajazwa na kupanua njia. Mara nyingine wanaacha kibomba cha waya kishikilie ukuta. Uvimbe unaweza kupungua haraka. Lakini tusidanganyane: kovu hurudi, na wengi huhitaji kupanuliwa tena baada ya miezi.

Pakishindikana mikononi, kuna kifua na paja. Kifuani, mrija wa bandia unaweza kupita kutoka ateri ya kwapa la upande mmoja mpaka vena ya kwapa la pili, kama mkufu chini ya ngozi. Hili linafaa pale ambapo upande mmoja umebanwa na mwingine uko wazi. Kwenye paja, daktari anaweza kutumia mrija, au kuinua vena ya paja lenyewe. Mishipa ya paja ni mikubwa na damu ni nyingi. Basi kwa nini wasianzie huko? Kwa sababu kinena ni mahali pa jasho na unyevu, na vijidudu hupapenda. Tena mguu unaweza kunyimwa damu, hasa kwa mwenye kisukari cha muda mrefu au anayevuta sigara. Daktari lazima apime kwanza ateri za mguu mpaka unyayoni. Na kuna jambo ambalo wagonjwa wanaona haya kulisema: kuchomwa sindano pajani mbele ya watu, katika ukumbi wenye vitanda vingi. Mwanamke ana haki ya kuomba pazia au shuka.

Kuna kifaa kingine cha nusu kwa nusu: upande wa mkononi ni mrija wa kuchomwa sindano, na upande wa kifuani ni mpira unaopita ndani ya njia iliyobanwa mpaka kwenye moyo, na vyote viko chini ya ngozi. Ni ghali, na panahitajika wataalamu waliokizoea. Tunakitaja ili ukikisikia usidhani ni hadithi.

Mwisho kabisa wa mlolongo huu ipo mipira inayopitishwa mahali pasipo pa kawaida, kwa mfano mgongoni upande wa kiuno mpaka kwenye vena kubwa ya tumbo, au kupitia ini. Hizi ni za mtu asiye na njia nyingine. Huchomoka, huziba, na huleta homa.

Umeona kwamba zote hizi bado zinatafuta mshipa. Ipo njia isiyohitaji mshipa hata mmoja, na inashangaza jinsi isivyotajwa: kusafisha damu kupitia tumbo. Ndani ya tumbo kuna ngozi nyororo inayofunika utumbo, na ngozi hiyo yenyewe inaweza kuchuja. Daktari anaweka mpira laini chini ya kitovu. Maji maalumu yenye sukari yanamiminwa tumboni, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha yanatolewa na kuwekwa mengine. Mgonjwa au ndugu yake anaweza kujifunza kufanya hivyo nyumbani. Kwa mtu ambaye mishipa imechakaa, swali hili linapaswa kuulizwa mapema, wala lisingoje mpaka mwisho.

Lakini tufikirie kwa hali ya kambi. Mtu mzima kwa kawaida hubadilisha mara nne kwa siku, lita mbili kila mara. Hizo ni lita nane kwa siku, lita 240 kwa mwezi, zikiwa kwenye mifuko maalumu iliyofungwa. Zinahitaji gari la kuzileta, mahali pakavu pa kuziweka, maji na sabuni ya kunawa kila mara, na kona ya nyumba isiyo na vumbi wakati wa kubadilisha. Mifuko ikichelewa, hakuna cha kuazima kwa jirani. Na mikono ikiwa michafu, tumbo linaingiwa na vijidudu: maji yanatoka yenye ukungu, tumbo linauma, homa inapanda. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo njia hii si rahisi hema likiwa moja na watu saba. Pamoja na hayo, kuna familia zinazoweza, na haifai mtu mwingine aamue kwa niaba yenu kwamba hamuwezi kabla hajaiona nyumba yenu.

Kupandikizwa figo ndiyo tiba inayomwondoa mtu kwenye mashine. Katika kanda yetu inafanyika. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na Kenya walianza zamani zaidi. Inahitaji mtu wa kutoa figo, vipimo vingi, na dawa za kila siku maisha yote. Kwa mkimbizi mlango huo ni mwembamba sana, na hatutaki kukupa tumaini la bure.

[Muziki mfupi]

Hapo tumefika kwenye jambo gumu, nalo ni nani atalipa.

Rufaa kutoka kambini ina ngazi zake. Daktari wa kambi anaandika, kamati ya rufaa inakaa, kisha kuna kibali cha kutoka kambini kwa nchi zinazokidai, na gari. Mwongozo wa UNHCR kuhusu rufaa unaitaka kamati iangalie mambo mawili hasa: nafasi ya mgonjwa kupona, na gharama. Mashine ya figo inaanguka vibaya kwenye mizani hiyo, kwa sababu haina mwisho na ni ghali. Wapo waliokataliwa, na wewe pengine unamjua mmoja. Hatutasema kwamba ukijua kuuliza utakubaliwa.

Tunachosema ni hiki: ombi la upasuaji wa mara moja ni tofauti na ombi la matibabu yasiyo na mwisho. Dada tayari anasafishwa damu. Kuna anayelipia mashine hiyo. Mpira wa shingoni unaomwingiza wodini kwa homa mara kwa mara nao una gharama. Daktari akiandika kwa uwazi kwamba upasuaji mmoja wa kuinua vena ya mkono wa kulia, au kupanua njia ya kifua, unaweza kupunguza safari na kulazwa, kamati ina kitu cha kupima. Barua inayosema tu "mgonjwa wa figo, anahitaji msaada" inarudi haraka. Mwombe daktari aandike mahali palipopimwa, palipobanwa, na upasuaji unaotakiwa. Kamati ikikataa, ombeni sababu, na ulizeni kama shauri linaweza kuangaliwa upya pakiwa na taarifa mpya.

Anzisheni pia karatasi ya mishipa, leo hii. Chukueni ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni kila mpira aliowahi kuwekewa: mwezi na mwaka, upande gani, shingoni au chini ya bega au kinena, ulikaa muda gani, na kwa nini ulitolewa. Andikeni na kila upasuaji wa mkono. Sisi wakimbizi tunahamishwa, tunarudishwa, wengine wanapelekwa nchi ya tatu, na mafaili hayasafiri nasi. Daktari mpya akiiona karatasi hiyo hataanza kutafuta upande ambao umeshaziba. Pigeni picha kwa simu pia, karatasi inalowa.

Sasa tuseme na wale ambao hawajafika kwa dada. Una kisukari, au shinikizo la damu, na umeambiwa figo zimeanza kuchoka. Mishipa yako ya mikono ni akiba, na inaliwa kidogo kidogo zahanati. Tunajuana: mtu akijisikia mchovu anaomba atundikiwe dripu, na asipotundikiwa anasema hakutibiwa. Kila sindano ya dripu kwenye mkono wa mbele au kwenye kiwiko inaweza kuacha kovu kwenye mshipa ambao siku moja ungekuwa fistula. Tena kwa mwenye figo dhaifu, maji ya ziada yanaweza kuishia kwenye mapafu. Kwa hiyo kama dawa ya kumeza inatosha, meza. Kama sindano ni lazima, mwambie nesi kwa heshima: "Nina ugonjwa wa figo, naomba unichome mgongoni mwa kiganja, na huu mkono wa kushoto uachwe." Mwenye kutumia kushoto aache wa kulia. Hilo si kumfundisha nesi kazi. Ni ushauri wanaoutoa wataalamu wa figo wenyewe. Kipimo cha malaria cha kidoleni hakina shida. Na kama unachanjwa chale kwa dawa ya kienyeji, mkono huo usiguswe.

Aliye na fistula au mrija tayari, auguse kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Unatakiwa kuhisi mtetemo, kama simu iliyozimwa mlio ikiita mfukoni. Mtetemo ukipotea, njia imeziba au inaziba. Usingoje siku yako ya mashine. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu ikiwahiwa ndani ya siku moja au mbili mara nyingine damu iliyoganda inaweza kutolewa. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usivalishwe bangili ya kubana, usilaliwe. Dumu la maji na mzigo wa kuni uchukuliwe na mkono mwingine, na kamba ya mzigo isikae kwenye kiwiko. Vidole vikiwa baridi, vya buluu, au vinauma hata ukipumzika, mkono unanyimwa damu. Mwambie daktari upesi. Na ikitokea damu inaruka nyumbani, usifunge matambaa mengi ukangoja. Weka kidole juu ya kitambaa kidogo safi, bonyeza palepale penye tundu kwa nguvu bila kuachia, inua mkono, na mtu mwingine akimbie kuita msaada.

Kwa mwenye mpira shingoni, kuna mambo mawili. Usilowe maji, na usifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa wahudumu wa mashine, hata kama nesi wa kambi hapati mshipa mwingine wa kukuwekea dawa, labda iwe ni kuokoa maisha. Ukipata baridi na kutetemeka, hasa ukiwa kwenye mashine, hiyo si malaria mpaka ithibitishwe. Sema una mpira mwilini.

Na ikiwa kweli, baada ya vipimo, hakuna njia? Inatokea. Hapo kazi ya daktari haijaisha. Zipo dawa za kupunguza kukosa pumzi, kuwashwa, kichefuchefu na maumivu, na ushauri wa chakula na maji ya kunywa. Mtu anayerudi nyumbani arudi na dawa hizo mkononi, pamoja na jina la mhudumu wa kumwita usiku. Kuambiwa "nendeni tu" siyo matibabu, na mna haki ya kuomba zaidi ya hapo.

Ndugu yetu uliyeandika, kwa dada tungeanza hivi. Mkono wa kulia upimwe wote kwa ultrasaundi, hasa vena ya ndani ya mkono wa juu. Njia za kifuani ziangaliwe pande zote mbili kabla mtu hajashona chochote. Tumbo liulizwe kama linafaa: je, amewahi kupasuliwa, ana ngiri? Karatasi ya mishipa iandikwe kabla ya safari. Halafu utuandikie walivyokujibu, hata kama jibu ni baya. Acha barua mahali palepale ulipoacha ya kwanza.

Juma lijalo tutajibu maswali kuhusu presha kwa wajawazito.

[Muziki wa kufunga]